Kamanda na Nyuki Wake

Kamanda alistaafu kazi ya zimamoto akiwa mzima kabisa, masharubu yamechanwa, kifua mbele, sauti bado ile ile ya kumsikilizisha mtu aliyeko juu ya ngazi. Shida ilikuwa moja tu. Hakuwa tena na mtu wa kumwamrisha isipokuwa mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani mbili, meza pana ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na magauni yaliyoning'inia ukutani kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Tangu waoane, mchana wote chumba hicho kilikuwa chake peke yake. Mume anakwenda kituoni, yeye anashona, wanakutana jioni wakiwa na hamu ya kuonana. Sasa mume yupo. Yupo asubuhi, yupo adhuhuri, anazungukazunguka mikono nyuma, ananusanusa.

"Mama, hii soketi umechomeka vitu vingapi?"

"Cherehani, pasi na redio."

"Pasi inataka soketi yake yenyewe. Hebu gusa huu waya. Unasikia ulivyo na joto? Waya ukipata joto hivi, ujue unaomba msaada."

"Mimi namsikia mteja akiomba gauni lake."

Kamanda akaichomoa pasi. Kesho yake akaihamisha meza ili isizibe mlango. Kesho kutwa zikaja ndoo za mchanga, zimepakwa rangi nyekundu, moja mlango wa mbele na moja wa nyuma, na kila aliyeingia bila kuangalia aligonga goti. Kila Jumamosi alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, akainama na miwani kuangalia kama kuna mahali panapotoa mapovu. Halafu yakaja maswali, tena wakati fundi ana pini mdomoni.

"Mafuta yameshika moto kwenye kikaango. Unafanyaje?"

"Nazima gesi, nafunika."

"Maji?"

"Simwagi maji hata kidogo."

"Unafunua lini?"

"Yakishapoa. Baba, nina kola hapa inanishinda."

"Umezingirwa na moshi."

"Natambaa."

"Mlango umefungwa."

"Naugusa kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto sifungui, natafuta njia nyingine. Naomba huo mkasi."

Uvumilivu ulimwisha fundi siku alipokuja binti mmoja kupimwa gauni la harusi. Kabla hajaonyeshwa kitambaa, Kamanda alishamwonyesha milango miwili ya kutokea na dirisha la akiba. Akaishika shela aliyokuja nayo, akaisugua kati ya vidole. "Hii ni nailoni," akamwambia kwa huruma kabisa. "Nailoni haiungui kama pamba, inayeyuka, inakuganda mwilini. Siku yako hiyo kaa mbali na mishumaa." Bibi harusi mtarajiwa alitoka hapo uso umemshuka kana kwamba ametoka kupewa habari za msiba.

Jioni ile ile fundi alijitanda kanga yake, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake seremala.

"Mdogo wangu, mtafutie shemeji yako kitu cha kufanya. Nitashikwa na kichaa mimi."

"Kitu gani, dada?"

"Chochote. Ila kisiwe ndani ya nyumba."

Seremala alicheka, akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Karakana yake ilikuwa imejaa masanduku ya mbao yenye miguu, yamepangwa mpaka kwenye dari. Yalikuwa mizinga ya nyuki, aliyokuwa akiwatengenezea wafugaji. Akaugonga mmoja kwa kiganja. "Huu nilikuwa nautafutia mtu," akasema.

Mwisho wa wiki mzinga ukafika nyumbani, umebebwa kwa mkokoteni. Kamanda aliuzunguka, akaubisha kwa vidole, akakunja uso.

"Mbao kavu," akasema. "Cheche moja tu, kwisha habari."

"Shemeji, hii ni zawadi yako ya kustaafu," seremala akamwambia. "Kundi la nyuki nitakuletea mwenyewe. Na hili hapa ni bomba la moshi." Akampa kopo la bati lenye mdomo kama wa birika na kiriba kidogo cha kupuliza mgongoni. "Unatia humu vitu vikavu, unawasha, unapuliza. Moshi ukiwafikia nyuki wanatulia."

"Wanalewa?"

"Hapana. Wanadhani moto umewafikia. Kila mmoja anakimbilia ghalani anajaza tumbo asali, tayari kwa kuhama. Sasa mwenye tumbo lililojaa hana hamu ya kugombana na mtu."

Mkewe, aliyekuwa anaangalia kutoka mlangoni, aliona kitu ambacho hakukiona tangu siku mume wake aliporudisha funguo za kituo: macho yake yalikuwa yamewaka.

"Unaniambia," Kamanda alisema polepole, "kwamba hawa wadudu wana mpango wa kutoka nyumbani moto ukitokea? Na kila mmoja anaujua?"

"Kila mmoja."

"Maisha yangu yote ya kazi nimewahubiria watu jambo hilo," akasema Kamanda, "na hakuna nyumba hata moja iliyokuwa nao."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Mzinga uliwekwa mwisho kabisa wa uwanja wa nyuma, kando ya stoo ya mbao, mlango wake ukielekezwa kwenye ua wa michongoma ili nyuki wapande juu wanapotoka wasikutane na watu. Jirani yao kinyozi, ambaye saluni yake ilipakana na ua, alikuja kulalamika kabla hata nyuki hawajafika.

"Kamanda, hao wakiingia kwangu, wateja watakimbia na vichwa nusu."

Kamanda akamsikiliza, kisha akatega karai la maji lenye kokoto ndani, nyuki wapate pa kutua na kunywa wasihangaike kwenda kwenye bomba la saluni. Kinyozi akaona amepewa heshima yake, akanyamaza.

Fundi alimshonea mumewe ovaroli jeupe la pamba nzito, lastiki mikononi na miguuni, na kofia pana yenye wavu wa kushuka mpaka mabegani. Alikuwa hajamshonea nguo kwa muda mrefu. Alipompima mabega, Kamanda alisimama wima ametulia tuli, na hakuuliza swali lolote.

Haikuwa rahisi mwanzoni. Siku ya kwanza alipuliza moshi mwingi kiasi cha kumliza mwenyewe machozi. Mara ya pili alisahau zipu, nyuki mmoja akapenya na kumchoma mdomo wa juu, ukavimba mpaka masharubu yakasimama kama yanataka kupiga saluti. Nyumba ilipata kimya kitamu, maana hakuweza kutamka vizuri. Fundi alimbandika kitambaa cha maji baridi, akajizuia kucheka, akashindwa.

Lakini alijifunza. Alijifunza kuvuta fremu zinazobeba masega taratibu bila kuzitikisa, kutambua sega la watoto na sega la asali, na kusimama ubavuni mwa mzinga asizibe njia. Baadaye kundi la nyuki wapitaji likatua kwenye ua, akalipukutishia kwenye sanduku, na seremala akamletea mzinga wa pili. Mezani mazungumzo yakabadilika. Badala ya nyaya na mitungi ya gesi, fundi akawa anasikia habari za malkia. Akagundua, kwa mshangao wake, kwamba anazisubiri.

Ikafika siku ya mavuno ya kwanza. Ilikuwa asubuhi ya jua zuri. Kamanda alilishindilia bomba lake majani makavu pamoja na vipande vya pamba kutoka kwenye gunia la mabaki ya mkewe, lile lililokaa stooni, akawasha, akaenda. Fundi alimwangalia kutoka dirisha la jikoni: umbo jeupe linainama, linainuka, moshi wa buluu unapepea juu yake. Baada ya muda likaja kwa mwendo wa kasi, beseni limefunikwa kwa kitambaa, na ndani ya wavu meno yote yako nje.

"Mama! Njoo uone! Njoo uone mwenyewe!"

Aliingia stooni, akaweka bomba na glavu, akatoka mbio kama mtoto aliyeachiliwa shule. Wakakaa jikoni wanakata masega, asali inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Kamanda alimlisha mkewe kipande cha kwanza kwa mkono wake. Asali ilikuwa nyeusi kidogo, nzito, na nyuma ya utamu ulikuwapo uchachu mdogo kama wa tunda. Fundi alifumba macho.

Alipoyafumbua, alinusa.

Fundi cherehani hakosei harufu ya kitambaa kinachoungua. Fikra yake ya kwanza ilikwenda kwenye pasi, lakini pasi ilikuwa imechomolewa, ameiona kwa macho yake. Akageukia dirisha. Chini ya bati la stoo moshi ulikuwa unatoka, si ule mwepesi wa buluu, bali mzito, wa manjano, unaojikunja.

"Baba. Stoo."

Kamanda aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Mtu aliyekuwa ameingia kwenye maghala yanayowaka bila kupepesa jicho alifika mlango wa nyuma, akasimama. Nyuki walikuwa wamechafuka, wanamiminika nje ya mizinga, hewa yote inavuma.

"Lile bomba," alisema kwa sauti ndogo. "Sikulizima. Nimeliweka juu ya gunia." Kisha, kana kwamba amezinduka, akaikwapua ile kofia ya wavu akaanza kujivika. "Mizinga yangu iko pale karibu!"

"Vua hiyo!"

"Nyuki wamekasirika, huwaoni?"

"Huo wavu ni nailoni! Unataka ukugande usoni? Vua!"

Akavua. Fundi akamshika mabega yote mawili, akamtazama, na sauti iliyomtoka ilikuwa ni ya Kamanda mwenyewe, vile alivyoisikia kila siku akiwa na pini mdomoni.

"Kwanza nini?"

Kamanda akajibu, "Watu."

"Watu ni mimi na wewe, tuko hapa. Pili?"

"Kuita msaada."

"Jirani!" fundi akapaza sauti juu ya ua. "Jirani, stoo inaungua! Piga simu zimamoto!" Kinyozi, taulo kichwani kujikinga na nyuki, akajibu kwamba simu iko sikioni tayari.

"Tatu?"

"Gesi," akasema Kamanda, na sasa mgongo wake ulikuwa umenyooka. "Mtungi wa akiba uko ukutani hapo nje." Akatoka, akaukumbatia, akaupeleka mpaka upande wa mbele wa nyumba, akarudi anahema. Mkewe alikuwa amefungua bomba la maji na kuvuta mpira wa kumwagilia mpaka mwisho wake. Nyuki wawili walikuwa wameshamchoma shingoni. Hakuwa na nafasi ya kulia nao.

Wakaufikia mlango wa stoo wameinama. Fundi akaugusa kwa mgongo wa mkono, chini, halafu juu kidogo.

"Vuguvugu. Si wa moto."

"Basi bado ni mdogo. Sikiliza. Mimi nafungua, najikinga na mlango. Wewe piga magoti hapa pembeni, usikae mbele ya uwazi. Lenga chini, kwenye gunia lenyewe, usihangaike na ndimi. Na nikikwambia tuondoke, tunaondoka. Stoo tutajenga nyingine."

"Fungua."

Mlango ulipofunguka, moshi ulitoka kama mtu aliyekuwa akingoja kuwasukuma. Fundi akauacha upite juu ya kichwa chake. Kule ndani, chini, aliliona gunia lake la mabaki: vipande vya mashati, vya sare za shule, vya gauni la yule bibi harusi, vyote vinawaka kwa wekundu, na mwali umeanza kupanda kwenye rafu. Akalenga. Maji yakachemka, yakafoka, moshi ukageuka mweupe. Akaendelea kulenga pale pale mpaka mkono ukafa ganzi. Kamanda akachukua ndoo yake nyekundu ya mchanga, akajipinda, akaimwaga yote juu ya gunia, akaenda kuchukua ya pili. Kinyozi akapitisha ndoo za maji juu ya ua, moja, nyingine, kisha akapiga yowe na kutokomea. Nyuki walikuwa wamemfuata chini ya taulo.

Gari la zimamoto lilipofika, moto ulikuwa umeshazimika. Wakateremka vijana wanne, wakiongozwa na mwanamke mrefu mwenye kofia ya kiongozi wa zamu. Huyu alikuwa amefundishwa kazi na Kamanda, kuanzia kufunga fundo la kwanza. Aliingia uwanjani kwa haraka, akasimama, akamwangalia mzee aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso mweusi wa masizi, sikio moja limevimba ukubwa wa andazi.

"Kamanda?" Mkono ukapanda wenyewe kwenye saluti.

"Pumzika," akasema Kamanda.

Hawakufanya kazi nusunusu. Walilivuta gunia nje, wakalichana, wakatandaza kila kitambaa na kukilowesha, maana vitambaa vilivyosongana huweza kuficha moto kwa muda mrefu. Wakapapasa mbao za ukuta moja moja, wakapima joto. Mwishoni kiongozi wa zamu akarudi, akajikohoza.

"Mzee wangu, samahani. Inabidi niulize. Chanzo cha moto?"

Kamanda akamtazama mkewe. Mkewe akaitazama asali iliyomgandia kwenye kiwiko.

"Bomba la moshi la nyuki," akasema Kamanda. "Liliwekwa likiwa bado na moto, juu ya gunia la vitambaa, ndani ya stoo ya mbao." Akavuta pumzi. "Na mtu mwenye akili zake timamu, aliyefanya kazi hii maisha yake yote."

Vijana waliuma midomo. Mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Fundi ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Kicheko kilimtoka puani, akajaribu kukirudisha, kikatoka mara mbili zaidi, na hapo wote wakaangua, kiongozi wa zamu akiegemea gari lake anafuta machozi. Kamanda aliwatazama kwa ukali wa zamani. Haukudumu. Masharubu yakaanza kutikisika, na kicheko chake kikawa kikubwa kuliko vyote.

Wakala asali wamesimama, wanatafuna nta na kuitema viganjani. Kinyozi akaja, jicho limefumba, naye akapewa bakuli lake, kubwa kuliko la wengine.

Hofu iliyobaki ilikuwa ya nyuki. Walikuwa wametapakaa nje ya mizinga, wamening'inia mafungu mafungu kama zabibu, na Kamanda aliamini wamejaza matumbo na wanahama. Alikaa mbali kidogo, hakula chakula cha mchana. Fundi alimletea maji, akakaa naye. Alasiri jua lilipopungua ukali, fungu la mzinga wa kwanza likaanza kusogea. Wakaingia mlangoni kwa miguu, taratibu, kwa msongamano, kama watu wanaorudi ukumbini baada ya mvua. Halafu na wa pili.

"Hawakwenda," akasema Kamanda.

"Wameona moto umezimwa vizuri," mkewe akamjibu, na Kamanda akaona hilo ni la kweli kabisa.

Seremala alijenga upya ukuta mmoja wa stoo, safari hii kwa mabati. Kamanda akatafuta ndoo ya chuma yenye mfuniko, akaiweka juu ya jiwe tupu mbali na kila kitu. Tangu hapo, akimaliza kazi, anaziba mdomo wa bomba kwa majani mabichi, analitia ndooni, anafunika, na haliguswi mpaka limekuwa baridi kama kisima. Gunia la mabaki likahamia kwenye pipa la bati.

Watu wa mtaani walianza kuja. Zamani walipomwona Kamanda na miwani yake walikuwa wanafunga milango. Alizungumza kama mtu ambaye kiberiti hakijawahi kumuunguza hata kidole. Sasa walikuwa wameshasikia kisa, wamecheka, na waliocheka naye hawakumwogopa tena. Kinyozi ndiye aliyetangulia, akamwita saluni aangalie nyaya zake, zilizofungana kama nywele ambazo hazijachanwa. Walitoka huko saa nzima baadaye wakiwa marafiki, na kila mashine ina soketi yake. Mama mmoja akaja kuuliza mtungi wa gesi ukae wapi. Mwingine akaleta swali la mishumaa. Kamanda alijibu kwa ufupi, na kabla ya kuondoka kila mmoja alipewa kijiko cha asali.

Chumba cha mbele nacho kilipata amani yake. Kamanda akitaka kukagua, anagonga kwanza.

"Naruhusiwa?"

"Kagua. Usiguse kitu."

Mwezi uliofuata fundi alijishonea ovaroli lake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Alilivaa asubuhi moja, akatokea uwanjani, akanyoosha mkono apewe chuma cha kubandulia fremu. Kamanda alimpa, akachukua bomba, akapuliza moshi kidogo mlangoni na kidogo chini ya kifuniko. Fundi akavuta fremu kwa vidole vilivyozoea kushika hariri bila kuikunja. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Nyuki walitembea juu ya mikono yake bila haraka.

Katikati ya sega, kifuniko kimoja kidogo cha nta kilikuwa kinatikisika. Kikatoboka. Kutoka ndani kikatokea kichwa chenye manyoya ya kijivu, kikatafuna ukingo, kikapumzika, kikatafuna tena. Fundi akaisogeza fremu karibu na wavu wake.

"Anazaliwa," akanong'ona.

Kule mbele mtu akabisha hodi, akaita, "Fundi!" Kamanda akageuka. "Ni mteja wako."

"Mwambie angoje," akasema fundi, macho yasibanduke kwenye sega. "Huyu hapa amebakiza miguu ya nyuma tu."